Alaimenti ya mbele ya kwodi: tou ni nini, na kwa nini uipime ukiwa na uzito juu ya kiti

Ukisimama mbele ya kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya michezo, aina ya Yamaha Raptor au YFZ, ukainama kuziangalia tairi za mbele, jicho litakwambia ziko sawa. Jicho linadanganya. Tofauti inayoifanya kwodi itangetange kwenye murram ni ya milimita chache tu, na hiyo hupimwa kwa futi, yaani utepe wa kupimia.

Alaimenti ni pembe tatu za magurudumu ya mbele. Tou ni jinsi tairi mbili zinavyotazama, kuingia ndani au kutoka nje. Kemba ni jinsi tairi inavyoegama ukiitazama kutoka mbele. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huzungukia unapokata kona. Kwenye kwodi nyingi zilivyotoka kiwandani, kemba na kasta zimeshafungwa na umbo la mikono ya sospensheni (vyuma vinavyoyashika magurudumu kwenye fremu), huna pa kugusa mpaka ununue mikono inayorekebishika. Tou unaweza kuirekebisha mwenyewe uani kwa spana mbili.

Pima umbali kati ya tairi mbili upande wa mbele, kisha upande wa nyuma wa tairi hizohizo, kwa kimo cha ekseli. Mbele kukiwa na umbali mdogo, zimeingia ndani, kama mtu ambaye vidole vyake vya miguu vinatazamana. Kwodi ya michezo hutaka ziingie kidogo. Husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ikienda, ardhi inazirudisha tairi za mbele nyuma, nazo hufunguka nje kadiri ya ulegevu wa boljointi (viungo vya duara vya gurudumu) na ncha za tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu). Zikiwa zimeingia kidogo mashine ikisimama, zinakaribia kuwa sambamba ikienda. Wengi huishia kati ya milimita 3 na 6. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, fuata kitabu. Zikitoka nje, usukani unachezacheza mwendo ukipanda, na kwenye njia zenye mawimbi kandokando ya Nile, upande wa Bujagali, Uganda, mikono yako inachoka mapema. Zikiingia kupita kiasi, zinajisaga bure.

Kabla ya kushika spana, inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini uitikise, halafu kushoto na kulia. Ikilegea juu na chini, tazama boljointi na beringi. Kushoto na kulia, mara nyingi ni tairodi. Ukipima alaimenti juu ya boljointi iliyokufa, unapima ulegevu tu. Jaza upepo sawa pande zote mbili. Tairi hizi hutumia psi (kipimo cha presha) 4 au 5 hivi, na geji ya gari haisomi vizuri chini huko, tafuta ya presha ndogo.

Sasa uzito. Sospensheni ikishuka, mikono yake na tairodi huzunguka kwa njia zisizolingana kabisa, na tou hubadilika. Ukipima kwodi tupu unapata namba ya kwodi isiyo na dereva, na hakuna anayeiendesha hivyo. Mkalishe mwenzako mwenye uzito kama wako, au weka magunia ya posho (unga wa mahindi) kitini, kisha bonyeza mbele mara kadhaa ili ikae mahali pake.

Funga usukani ukiwa umenyooka kabisa. Inua gurudumu, lizungushe huku umeshikilia msumari katikati ya tairi, upate mstari mwembamba kuizunguka yote. Weka alama moja kwenye mstari wa kila tairi, upande wa mbele, pima kati ya alama hizo. Kisha sukuma kwodi nusu mzunguko mpaka alama zilezile ziende nyuma, pima tena. Hapo rimu iliyopinda haikuharibii hesabu, kwa kuwa umepima sehemu ileile mara mbili. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanailaumu tairodi.

Kurekebisha, legeza nati za kufungia za tairodi zote mbili. Kwa kawaida ncha moja ina thredi za kushoto, zinazofunguka kinyume, kwa hiyo usilazimishe, jaribu kuzungushia upande mwingine kwanza. Zungusha tairodi za kulia na kushoto kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utakaa upande kwodi ikienda moja kwa moja. Acha thredi zinazoonekana zilingane kila ncha, na usizitoe mpaka zibaki chache ndani. Kaza nati, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kuisogeza namba.

Ukiwa na mikono inayorekebishika, anza na kasta, kisha kemba, tou iwe ya mwisho, maana ukigusa kemba tou nayo inahama. Kemba hutakiwa kuegama ndani kidogo kwa juu, ili tairi ya nje ikanyage vizuri mwili wa kwodi ukilalia kona. App ya kupima pembe kwenye simu, ikiegemezwa kwenye ubao ulionyooka uliosimamishwa wima kwenye uso wa rimu, inatosha.

Ukijaribu kwenye uwanja ulio sawa na kwodi bado inavuta upande mmoja, usirudi haraka kwenye tairodi. Angalia kwanza upepo wa tairi, kisha mkono wa sospensheni kama haujapinda.