Mita kulia si ushahidi kwamba ethi ni nzima
Wengi huamini kwamba mita ya umeme ikilia inapogusishwa ncha mbili za waya wa ethi wa gari (unaounganisha injini na upande hasi wa betri), waya huo ni mzima, hivyo stata (mota ya kuwashia injini) ikizunguka kwa uzito, lawama huiangukia betri. Kipimo hicho hupitisha mkondo mdogo mno, ambao hata uzi mmoja wa shaba uliosalia huumudu, ilhali stata huvuta zaidi ya ampea 100. Mita iwekwe kwenye volti, ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini na nyeusi terminali hasi ya betri (terminali yenyewe, si kibano chake), kisha mtu apige stata: ikisoma zaidi ya volti 0.5, ethi ina hitilafu. Mara nyingi ni kutu au rangi tu iliyojificha chini ya bolti.