Guruneti karibu na kanisa: yanayosemwa Bukavu na ukweli wake

"Wamelenga kanisa!" Guruneti likilipuka karibu na kanisa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, neno hili hujaa kwenye magrupu ya WhatsApp hata kabla majeruhi hawajafika hospitali. Tuulize kwanza nani alikuwa amesimama pale. Askari wa doria hukaa penye watu: njia panda, sokoni, mlango wa parokia misa inapotoka. Anayewawinda askari atawakuta hapo hapo. Shambulizi la kulenga waumini lina sura nyingine. Kasindi, mji wa mpakani na Uganda, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste wakati wa ubatizo, na kundi la Dola la Kiislamu likasema ni kazi yake.

"Basi ni vita vya dini." Hapana. Mwezi Mei 2021 huko Beni, Kivu Kaskazini, imamu aliyekuwa akipinga hadharani itikadi kali aliuawa kwa risasi msikitini. Jirani yako Mwislamu anawaogopa wenye itikadi hiyo kama wewe.

"Guruneti lenyewe linamtaja aliyelirusha." Hapa ndipo tunapodanganyika zaidi. Tarehe 27 Februari 2025, milipuko ilitokea kwenye mkutano wa waasi wa AFC/M23 pale Place de l'Indépendance, hapa Bukavu, na watu zaidi ya 10 wakafa. Kiongozi wao, Corneille Nangaa, alisema maguruneti yale ni ya aina inayotumiwa na jeshi la Burundi. Rais wa Kongo, Tshisekedi, akalishutumu jeshi la kigeni lililomo nchini kinyume cha sheria. Mtaani kila mtu akachagua upande, ushahidi ukiwa aina ya silaha! Lakini guruneti kama F-1, lililobuniwa Urusi ya Kisovieti, limeigwa na viwanda vya nchi kadhaa, na hutekwa, huibwa, huuzwa. Namba zilizochapwa juu yake zinaweza kumsaidia mpelelezi kufuata njia lilikopita, ila sisi huwahi kuokota vipande na kuondoka navyo, kisha tunalalamika kwamba uchunguzi haufiki popote.

"Halikulipuka, limekufa." Hapana. Fyuzi (kiwashio cha guruneti) iliyokwama inaweza kuamka ukiligusa tu. Usilifunike kwa jiwe, usilipige picha kwa karibu. Fukuza watoto, mjulishe shefu wa kartie (mkuu wa mtaa).

"Dawa ni kukimbia." Fyuzi nyingi huchukua sekunde 3 hadi 5 tu kabla ya mlipuko, na vipande huruka kwenda pande zote na juu. Kama hakuna ukuta hatua mbili tatu kutoka ulipo, lala kifudifudi, ufunike kichwa.

"Daktari ameacha chuma mwilini, hajui kazi." Lawama hii huwaangukia hata madaktari waliozoea majeruhi wa vita, kama wale wa hospitali ya CBCA Ndosho kule Goma wanaosaidiwa na CICR (Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu). Kipande kidogo kilichotulia ndani ya nyama mara nyingi huachwa, kwa kuwa kukichimbua kunaweza kuumiza kuliko kukiacha. Hata kidonda kuachwa wazi siku 4 au 5 kabla ya kushonwa si uzembe: kikifungwa mapema na uchafu ndani, kinaoza.