Si lazima uwe na namba ya usajili

Wengi wanaosomea ualimu huamini kwamba masomo ya vyuo vikuu yaliyo mtandaoni yamefungwa kwa nywila, ni ya waliolipa ada tu. Si kweli. MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilitangaza mpango wake wa OpenCourseWare mwaka 2001: mihtasari ya kozi, mihadhara, hata mitihani ya zamani, bila kujisajili popote. Open University ya Uingereza ikaja na OpenLearn mwaka 2006, yenye kozi fupi, zikiwemo za ufundishaji.

Kinacholipiwa mara nyingi ni cheti na kusahihishiwa kazi. Makala za majarida nazo nyingi zina bei, lakini ERIC, hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani, ina kisanduku cha kuchuja zile unazoweza kupakua nzima. Ajabu ni kwamba wengi hukipita bila kukiona!

Angalia leseni pia. Kusoma bure si ruhusa ya kubadilisha. Ukitaka kutafsiri zoezi au kulifupisha lilingane na darasa lako, tafuta alama ya Creative Commons, leseni za wazi zinazoeleza unachoruhusiwa kufanya na kazi ya mtu. Ikiwa na herufi ND, huruhusiwi kusambaza toleo ulilolibadilisha.