Maana ya riziki, kuanzia kwa kunguru

Alfajiri ngalawa zinaporudi ufuoni Sahare, hapa Tanga, neno utakalolisikia kabla ya bei ni riziki. Aliyejaza tenga anasema amepata riziki. Aliyerudi na changu watatu na wavu uliochanika naye anasema, "Ndiyo riziki ya leo." Kunguru akinyakua dagaa kwenye chanja na mama akamrushia kandambili, wenzake watamcheka mama: mwache bibi wewe, naye katoka kutafuta riziki yake.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, rizq, na kitenzi chake tunacho: kuruzuku. Mungu huruzuku, viumbe huruzukiwa. Ar-Razzaq, Mwenye kuruzuku, ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, na ndiyo maana mtaani tuna kina Abdulrazaki wengi. Serikali nayo ikachukua ruzuku, ya mbolea na ya vyama vya siasa, lakini hiyo ina fomu na tarehe ya mwisho.

Wengi siku hizi wanaifanya riziki kuwa jina la heshima la kipato. Si kweli. Kipato unakihesabu mwisho wa mwezi. Riziki ni kila kinachomfikia kiumbe kikamfaa: chakula, mvua, afya, mtoto, hata usingizi. Mtu anaweza kuwa na maghala mawili ya mchele na daktari amemkataza wali. Mchele ni mali yake, ila riziki ni ya watakaoula.

Kurani inalitandaza neno hili mbali kuliko tulivyozoea. Katika Surat Hud, aya ya 6, imeelezwa kwamba hakuna dabba katika ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu, naye anajua makao yake na mapitio yake. Dabba ni chochote kitambaacho au kitembeacho: sisimizi, tembo, mjusi wa darini, na wewe unayesoma. Binadamu hakutengewa meza yake. Katika Surat al-Ankabut, aya ya 60, ametajwa hata baada ya wanyama: viumbe wangapi hawabebi riziki zao, Mwenyezi Mungu anawaruzuku wao, na nyinyi. Hilo "na nyinyi" linakuja baada yao, kama mtu aliyekuta watu wanakula akasogezewa mkeka.

Sisi wa Tanga tuna mfano wetu wa aya ya kwanza, nao uko baharini. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye jarife za wavuvi wetu zikaanza kumtoa vilindini, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake hapa Tanga. Miaka yote hiyo vitabu vilipoandika kwamba hayupo, yeye alikuwa huko chini, zaidi ya mita 100 kwenda kizani, anatoka usiku kuwinda na anarudi pangoni. Makao yake yalijulikana, ila si kwetu.

Kwa Wakristo wa hapa neno ni hilohilo, wala hawahisi kwamba wameazima msikitini. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, sala ya Bwana inasema: "Utupe leo riziki yetu." Kiyunani chake kinataja mkate, na Wakatoliki wanaposali husema mkate wetu wa kila siku. Mimi naona aliyechagua riziki aliijua pwani. Mkate kwa mtu wa huku ni kitafunio cha chai. Ukimwombea mtu mkate tu, kitoweo atakitoa wapi?

Zaburi ya 104 ndiyo ninayoipenda zaidi katika habari hii, kwa sababu imejaa wanyama kuliko watu. Mna punda-mwitu wanaokata kiu, simba wanaonguruma usiku wakidai chakula chao kwa Mungu, bahari yenye viumbe visivyohesabika, vidogo kwa vikubwa. Wote wanamngoja awape chakula kwa majira yake. Tazama hayo majira. Mvuvi wa Tanga hahitaji kufafanuliwa: kuna bamvua na kuna maji mafu, kuna kaskazi na kuna kusi, kuna giza la mwezi ambapo dagaa wanaifuata taa na kuna mbalamwezi ambapo unalala nyumbani. Bamvua likipwa, kina mama wanashuka mwambani na kijiti kuchokoa pweza, na pweza naye alikuwa shimoni mwake na kaa aliyemkamata. Kisha Zaburi inasema kwamba Mungu anapotoa, viumbe vinaokota. Kitenzi ni kuokota, na kuokota lazima uiname.

Hapo ndipo wanapokosea wanaosema riziki imeandikwa, kwa hiyo tukae barazani. Methali yetu kwamba riziki haivutwi kwa kamba wanaifanya mto wa kulalia. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume anasema tungemtegemea Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege: wanatoka asubuhi na njaa, wanarudi jioni wameshiba. Wanatoka. Yesu naye, katika Mathayo 6:26, anasema ndege hawapandi wala hawavuni na bado wanalishwa. Katika Luka 12 anamtaja kunguru hasa. Kunguru, ambaye Torati imemweka katika orodha ya ndege najisi! Na huyu wetu mwenye shingo ya kijivu ni mgeni hata pwani hii, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, akavuka na kusambaa. Mgeni, najisi, mwizi wa dagaa, na bado yumo katika hesabu. Lakini hajaletewa kitu kiotani tangu alipoota manyoya.

Kuna swali zito zaidi: mbona viumbe vinakufa na njaa? Maandiko hayalikwepi. Zaburi ileile, mstari unaofuata tu, inasema Mungu akiuficha uso wake vinafadhaika, akiiondoa pumzi yao vinakufa. Na riziki ya simba ni uhai wa swala. Huwezi kumwombea mmoja ashibe bila kumgusa mwenzake. Hadithi ya Ibn Majah nayo inasema nafsi haifi mpaka ikamilishe riziki yake. Ndiyo maana msibani utasikia wazee wakisema marehemu riziki yake imekwisha. Basi ahadi si kwamba hakuna atakayekufa. Ni kwamba kila kiumbe kina kibaba chake, kikubwa au kidogo, na hakuna atakayekufa kabla hajakimaliza chake.

Kilichoibwa je, ni riziki? Wanazuoni walibishana zamani sana. Mu'tazila, kundi la kale la wanazuoni wa Kiislamu, walisema riziki ni halali tu. Kundi jingine, Ash'ari, ambao ndio mwelekeo wa wanazuoni wengi wa Kishafii pwani yetu, wakajibu: hapana, hata cha haramu ni riziki, kwani mtu aliyekula haramu maisha yake yote mtasema Mungu hakumruzuku, na aya imesema hakuna dabba asiyeruzukiwa? Ni riziki, ila ataulizwa njia aliyoipitia.

Pwani ya Tanga ubishi huo ulikuwa na sauti, tena ya mlipuko. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti ulitusumbua, ingawa sheria inaukataza. Baruti moja inaua samaki unaowataka, vitoto vyao usivyovitaka, na inavunja matumbawe waliyokuwa wakipatia chakula na maficho. Aliyeitupa anaokota sehemu, wengine wanazama. Kwa hesabu ya Ash'ari, tenga lake ni riziki. Lakini amevunja na sahani za wengine, nami sidhani anapoulizwa njia ataulizwa na Mungu peke yake.

Katika Israeli ya kale shamba lililazwa mwaka wa saba: maskini wale, na watakachosaza kiliwe na wanyama wa mwituni, Kutoka 23:11. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Mwislamu akipanda mti akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Marehemu bibi yangu alikuwa na mwembe uani. Msimu ukifika tulipanda na upembo, naye anatusimamia kwa chini, na tukikaribia kileleni anatupigia kelele tushuke. Sisi tulidhani anaogopa tutaanguka.

"Hizo za juu zina wenyewe," anasema.

Magharibi ikiingia tu, popo hao.