Mashine inayotoa moshi mwingi ni mashine mbaya

Wiki iliyopita mama mmoja anayejiandaa kufungua mgahawa kule Bel-Air, hapa Lubumbashi, alinitumia video ya WhatsApp. Tanuri la kuivishia nyama kwa moshi, la chuma, jeusi, refu kama mtumbwi, linafuka moshi mweupe hadi mtu aliyesimama nyuma yake haonekani. Chini ameandika: "Papa fundi, nimepata. Angalia vile inatoa moshi! Bei ni nzuri, nataka kuagiza leo." Nikampigia simu palepale, nikamwambia asitume hata franga moja. Ni mtu wa tano mwaka huu kunionyesha moshi kama sifa ya tanuri. Nimechoka kueleza jambo hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika hapa.

Moshi mweupe mzito ni kuni ambazo hazijaungua sawasawa. Kuni ikipata joto inatoa gesi kwanza. Gesi hiyo ikikuta hewa ya kutosha inawaka, unaona mwali. Ikikosa hewa inatoka mbichi, imebeba mvuke na lami, na ile lami inakwenda kulala juu ya nyama yako. Onja nyama ya namna hiyo: ni chungu, na ncha ya ulimi inakufa ganzi kama umetafuna dawa. Tanuri linalofanya kazi vizuri, moshi wake hauonekani kirahisi. Unasimama mahali ambapo nyuma ya bomba kuna majani ya mti, unakaza macho, ndipo unaona hewa inatetemeka na ubluu hafifu ndani yake. Anayepita barabarani hataona kitu. Atasikia harufu, na harufu ndiyo inayomleta mezani.

Nadhani tunapenda moshi kwa sababu ya michopo. Michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, ni moto mkali na haraka. Mafuta ya mbuzi yanadondoka juu ya makala (makaa ya kuni), yanafuka, mtaa mzima unajua kuna nyama. Moshi ule unaigusa nyama kwa dakika chache, na ni mtamu kweli. Lakini nyama ya moshi ni kazi nyingine. Kidari cha ng'ombe cha kilo tano au sita kinakaa tanurini saa kumi hadi kumi na nne, kwenye nyuzi 110 hadi 130, mpaka katikati yake pafike nyuzi 90 na kitu. Moshi mchafu ambao nyama inaweza kuuvumilia dakika ishirini, ukiupa usiku mzima umetupa kidari, umetupa kuni, na umetupa usingizi wako.

Kwa hiyo mtu akiniletea tanuri, jambo la kwanza ninaloangalia ni njia ya hewa: inaingilia wapi, inapita juu ya nini, inatokea wapi. Chuma, rangi, magurudumu, nembo, yote hayo baadaye.

Tanuri langu la kwanza nililichomelea mwenyewe kutoka bomba nene kuukuu, chumba cha moto pembeni, chumba cha nyama katikati, bomba la moshi mwisho. Lile bomba la moshi lilikuwa na upana wa milimita 80, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo uani. Kila nikifunga mlango wa chumba cha moto, mwali unakufa na moshi mweupe unaanza. Nikifungua, unawaka, lakini joto linapanda hadi 170. Wiki tatu nililaumu kuni. Nikabadilisha muuzaji, nikapasua vipande vidogo zaidi, nikavianika juu ya paa. Mwishowe nikalikata lile bomba, nikaweka la milimita 150, nikaliinua mita moja na nusu. Usiku ule ule, nimefunga mlango, nikachungulia kwenye tundu la hewa: mwali umesimama, kisha ukalala kuelekea chumba cha nyama, kama nyasi zinavyolazwa na upepo. Hiyo ndiyo picha unayotafuta. Muuzaji akikutumia video ya bomba la moshi, mwambie akutumie video ya mwali, mlango ukiwa umefungwa.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo katalogi za Marekani haziwezi kukuambia. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia kumi, maana yake kila pumzi ya moto ina oksijeni pungufu kiasi hicho. Tanuri ambalo huko lilikotoka linapumua kwa shida kidogo, hapa litapumua kwa shida zaidi. Ndiyo sababu matundu ya hewa na bomba la moshi huwa naviongeza upana kuliko michoro inavyosema, halafu naweka kifuniko cha kupunguza. Hewa iliyozidi unaweza kuibana. Iliyopungua itabidi ukate chuma.

Sasa nifike kwenye kosa linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linafanywa na watu wanaojua kidogo. Wamesikia kwamba chuma kinene ni kizuri, na kwamba ukuta wenye sufu ya mawe katikati, ile inayozuia joto lisitoke, unaokoa kuni. Ni kweli. Ukuta wa milimita 6 una uzito wa kilo 47 kwa mita ya mraba, na uzito huo ukishika joto haulitoi haraka: unafungua mlango, unageuza mbavu, unafunga, joto linarudi. Lakini fuatilia hesabu hadi mwisho. Tanuri linalohifadhi joto vizuri linahitaji moto mdogo. Moto mdogo ndani ya chumba kikubwa cha moto ni moto baridi, na mpishi akiona joto linazidi 130 anafanya nini? Anabana hewa. Akibana hewa, kuni hazizimi, zinafuka. Umelipa pesa nyingi kwa chuma kizuri, ukajitengenezea kiwanda cha lami.

Mafundi wengi wanaanza na kanuni kwamba chumba cha moto kiwe kama theluthi ya ujazo wa chumba cha nyama. Kwa tanuri la chuma kitupu inafaa. Kwa lenye sufu mimi napunguza, na napasua kuni ndogo, nene kama kifundo cha mkono, ninazoongeza kila dakika arobaini hivi. Moto mdogo lakini wenye mwali, siku zote. Kama mpishi wako hataki kuamka kila dakika arobaini, usimnunulie tanuri la kuni tupu. Mnunulie la makala yenye vipande vya kuni juu, au la gesi lenye nafasi ya gogo. Hakuna aibu yoyote hapo. Migahawa mingi mikubwa ya Marekani inapika kwenye mashine za gesi zenye rafu zinazozunguka, kama za Southern Pride au Ole Hickory, na watu wanapanga foleni.

Kuhusu lile bamba linalowekwa chini ya nyama ili moshi uende hadi mwisho kisha urudi, nimebadilisha mawazo mara mbili. Linasawazisha joto, hilo nimelipima. Lakini linaongeza kona kwenye njia ya hewa, na mafuta yanayodondoka juu yake yanaungua. Tanuri langu la sasa halina. La mwaka ujao huenda likawa nalo.

Halafu kuna nyama yenyewe. Ng'ombe wetu wengi ni wa majani, wakavu, mafuta kidogo, na nyama inauzwa karibu siku ileile ya kuchinjwa. Hewa nyingi, ambayo nimeisifu hadi hapa, inakausha. Kipimajoto ndani ya kidari kinapanda vizuri hadi kama 68, kisha kinasimama. Saa mbili, saa tatu, hakisogei, na mpishi mgeni anaongeza kuni kwa hofu. Ni jasho tu: maji yanayovukizwa juu ya nyama yanaipoza kwa kasi ileile moto unavyoipasha. Mwanafizikia Greg Blonder alilipima jambo hili na kulionyesha wazi. Kadiri upepo ndani ya tanuri ulivyo mkali, ndivyo jasho lilivyo jingi. Kwa hiyo kwa kidari cha hapa, tanuri la kabati, lililofungwa vizuri na lenye unyevu, linasamehe kuliko lile refu lenye upepo. Kwenye lile refu nafunga nyama kwa karatasi inapofika 70. Ladha ya moshi inapungua kidogo, na bado sina raha kamili na uchaguzi huo, lakini mteja anayekula nyama kavu harudi. Ile duara nyekundu chini ya ganda, ambayo kila mtu anaiulizia, ni gesi za moto zilizoshikana na rangi ya nyama. Haina ladha. Usichague tanuri kwa ajili yake.

Umeme. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kila mmoja wetu anaujua. Tanuri la peleti, vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, lina skrubu inayosukuma peleti na feni inayopuliza. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikifika saa tisa ya usiku, vyote viwili vinasimama na kidari chako kinapoa mpaka chini ya nyuzi 60, mahali ambapo vijidudu vinafurahi. Na peleti zenyewe utaziagiza kutoka wapi? Mashine za rafu zinazozunguka pia zina mota, na nyingi za gesi hufunga valvu umeme ukikatika. Ukiagiza kutoka Marekani, soma kibandiko kwanza: huko ni volti 120 na hezi 60, hapa ni 220 na 50. Transfoma inarekebisha volti, hairekebishi hezi, na mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Uliza kama kuna mota ya hezi 50 kabla kontena halijafika mpakani Kasumbalesa.

Ukiamua kumpa kazi ajusteur, fundi wa chuma, wa hapa, na mimi nakushauri hivyo, umebahatika kuwa kwenye mji wa migodi: mafundi wa chuma tunao wazuri sana. Lakini migodi hiyohiyo inatuletea mapipa. Tafadhali. Pipa lililobeba dawa ya kuosha madini halifanyiki tanuri la chakula, hata ulichome siku tatu, hata likiwa limepakwa rangi mpya. Kama hujui lilibeba nini, liache. Chuma kilichopakwa zinki, kile kinachong'aa kama manjanja (mabati) mapya, nacho kisikaribie moto. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na chumba cha moto kinafika hapo bila shida, na mvuke wake unamwangusha fundi kwa homa. Na paleti, zile mbao za kubebea mizigo, zenye muhuri wa MB (methyl bromide) zimepigwa dawa ya wadudu, si kuni.

Kuni za miombo, mutondo na muputu, ni nzito na zinaacha makaa mekundu mazuri. Mpera na mti wa mavoka ni laini zaidi kwa harufu; kuku wangu wote napika kwa mpera. Mikalitusi hapana, mafuta yake yanaingia kwenye nyama. Zikate Mei, uzianike msimu wote wa ukavu, uziweke chini ya paa kabla mvua ya Novemba haijaanza. Kuni mbichi zitakupa ule moshi wa video hata kwenye tanuri bora duniani.

Ukubwa, sasa. Katalogi ikisema kilo 200, ni nyama mbichi imebanwa ukuta kwa ukuta. Mama wa Bel-Air anataka sahani 80 za mchana, gramu 200 kila moja. Hiyo ni kilo 16 zilizoiva. Kidari kinapoteza karibu nusu ya uzito wake, pamoja na unachokata kabla, kwa hiyo anunue kilo 35: vipande saba. Kila kipande kinataka nafasi ya sentimita 40 kwa 30 na upenyo wa vidole vinne kuzunguka, ili hewa ipite. Jumla ni mita ya mraba moja na nusu hivi ya rafu, kwa kidari pekee. Mtumbwi wa kwenye video ulikuwa na mara tatu ya hiyo. Angekuwa anapasha chuma kitupu kila usiku.

Tumekubaliana atengenezewe kabati la rafu nne, sufu ya mawe ukutani, chumba kidogo cha moto chini, makala na vipande vya mpera, bomba la milimita 150, likae chini ya hangari iliyo wazi pande tatu kwa sababu gesi ya makala inaua bila harufu. Mpwa wake ndiye atakayelala nalo. Jumamosi tunaliwasha bila nyama. Tutapanga vipande vya mkate kwenye kila rafu, tushike nyuzi 120 kwa saa moja, kisha tufungue tuone upande upi umeungua na upi umebaki mweupe. Nimemwomba asilete wageni siku hiyo, alete kalamu ya chaki, ili rafu zipigwe alama kabla hazijapoa.