Oili kudondoka nyuma ya injini haimaanishi sili ya krenki imekufa

Jamani tuelewane leo. Pikapu ikishakula kilomita 300,000 na oili ikalowesha pale injini inapokutana na gia boksi, kila mtu anageuka daktari: "sili ya nyuma ya krenki hiyo, shusha gia boksi." Yaani ile pete ya kuzuia oili pale krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapotokea nyuma ya injini. Juzi tena mwenye gari kaja na sili keshanunua kabisa, mimi eti kazi yangu kufunga tu. Haya.

Oili inafuata mteremko, na ukiwa barabarani upepo unaisukuma nyuma. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikivuja kona ya nyuma, kule usikoona bila kioo, oili inateremka taratibu mgongoni mwa bloku mpaka inadondokea palepale unapoilaumu sili. Swichi ya oili, ile inayowasha taa ya presha ya oili kwenye dashibodi, nayo hivyohivyo, chomoa waya wake, ukikuta soketi imejaa oili ndani basi swichi imekufa, badilisha tusonge. Wewe ushushe gia boksi siku nzima, kesho tone liko vilevile halafu fundi ndo mbaya!

Osha injini kwanza. Kuosha kweli, sio kumwagia maji. Ikikauka ipulizie poda, endesha kidogo ipate moto, urudi na tochi uanzie JUU kushuka chini. Palipolowa juu kuliko kote ndo mshtakiwa wako.

Sasa hili ndo linaniudhi, injini kupumua, hakuna anayeliangalia. Ringi za pistoni zikilika, gesi ya kwenye silinda inapenya kushuka mpaka kwenye sampo, lile beseni la oili chini ya injini, na kama bomba la kupumulia au vali ya PCV (ile inayorudisha gesi hiyo ikaungue kwenye injini) imeziba kwa tope la oili, ile presha itatokea popote palipo dhaifu, yaani kwenye sili zako. Unabadilisha ya mbele, inavuja ya nyuma, unabadilisha ya nyuma, inatema kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, unasema spea feki. Toa kifuniko cha kujazia oili injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, vika glovu ya mpira kwenye tundu. Ya petroli ikijaa kama puto, anza na upumuaji kabla hujagusa sili yoyote. Dizeli ya zamani usiihukumu haraka, yenyewe kupuliza kidogo ni kawaida.

Silikoni, ile gundi ya kuzibia: kidogo! Inayominyikia ndani inakatika, inaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Na bolti za tapeti kava ukizikaza kwa hasira, bati linapinda.

Kweli, kuna wakati ni sili ya krenki, na hata hapo kabla ya kushusha siwezi kukuapia kwamba sio kona ya gasketi ya sampo. Ukishashusha pitisha ukucha kwenye krenki, ukikwama kwenye mfereji ulioliwa na sili ya zamani, mpya ikikaa palepale itavuja tu, isogeze kidogo kama nafasi ipo au uvalishe bushi, ile pete nyembamba ya chuma inayofunika mfereji.

Jasho la oili lisilofika chini mimi naliacha, naangalia dipstiki basi. Ila likidondokea eksozi, hiyo gari hailali bila kutengenezwa, oili kwenye chuma cha moto inawaka.