Je, wajua? Mgonjwa anayechagua wa kumsimamia bado anajiamulia mwenyewe

Mgonjwa wa kifua kikuu anapoanzishiwa dawa nchini Tanzania huulizwa jambo ambalo wengi hawalitarajii: dawa utamezea wapi, na mbele ya nani? Anaweza kwenda zahanati kila siku akameza dawa huku muuguzi akimwona, au akamezea nyumbani mbele ya mtu aliyemtaja mwenyewe: mke, kaka, jirani, hata binti mkubwa anayejua kutunza muda. Utaratibu huo ulianza kwa majaribio mwaka 2006 katika wilaya chache, kisha ukaenea nchini. Kabla yake, kwa miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alitakiwa kufika kituoni kila siku. Huo ulitokana na mfumo uliojengwa hapa hapa Tanzania na daktari Karel Styblo na wenzake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na Shirika la Afya Duniani likaueneza kwingine katika miaka ya 1990.

Mchukue mkulima wa tumbaku wa Urambo, mkoani Tabora, msimu wa kukausha majani. Moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, unataka mtu wa kuuchochea usiku na mchana. Ukimtaka afike zahanati kila asubuhi, umegombanisha dawa na riziki yake. Kwa hiyo faida ya kumezea nyumbani inaeleweka haraka. Kinachotatiza ni jambo jingine: mtu anayetazamwa hadi kidonge kishuke kooni, tunawezaje kusema anajiamulia?

Kikwazo ni dhana iliyoota mizizi kwamba kujiamulia maana yake ni kuachwa peke yako. Dhana hiyo husikika kwa sauti mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza ni ya wahudumu: mgonjwa akiachiwa uamuzi, ataacha dawa siku kikohozi kikitulia. Ya pili ni ya ndugu: hayo ya mtu kujiamulia ni ya Wazungu, kwetu mgonjwa ana wajomba, ana shangazi, na mambo mazito huamuliwa kwenye kikao. Wa kwanza anaogopa mgonjwa aliyetelekezwa na wa pili anamkataa, lakini wote wawili wanamwona mtu yule yule: mgonjwa asiye na mtu.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ambao mwaka 1985 waliiweka nadharia ya kujiamulia katika umbo lake kamili, hawakuwa na maana hiyo. Kwao kinyume cha kujiamulia ni kulazimishwa. Kumtegemea mtu hakumo katika ugomvi huo. Unaweza kumtegemea mama yako kwa hiari kabisa, na unaweza kuishi peke yako huku kila unachofanya unakifanya kwa hofu. Mzee akiulizwa na muuguzi, "Baba, nyumbani nani atakusimamia?" akajibu, "Mama watoto, sista, huyo simdanganyi," amejiamulia. Hata anayesema, "Naomba mumsubiri kaka yangu, tutaamua pamoja," amejiamulia, mradi kauli ni yake na hakuna aliyemsukuma kuisema. Kikao cha ndugu kinakuwa tatizo pale tu kinapokaa bila mgonjwa, naye akaletewa hukumu kitandani.

Sasa, kwa nini hili liguse umezaji wa dawa? Watu wa Tabora wana mfano mzuri kwenye nyuki wao. Mrina asali hamkamati nyuki akamfungia mzingani. Anachagua mti, anautundika mzinga, anaupaka nta ndani ili unukie makazi, kisha anasubiri. Kundi likiingia lenyewe, linajenga masega, na siku mrina hayupo kazi inaendelea. Kundi lililokamatwa na kumiminwa mzingani mara nyingi huhama punde tu likipata nafasi. Sababu za mgonjwa kumeza dawa huingia hivyo hivyo. Anayemeza kwa kuogopa kukaripiwa ana sababu iliyo nje yake, na mkaripiaji akisafiri, sababu imesafiri naye. Anayemeza kwa aibu yuko nusu njia. Anayemeza kwa kuwa anataka kuwaona wanawe wakimaliza shule amehamia ndani ya sababu hiyo, na hahitaji mlinzi ili akae humo. Msimamizi wake ni msaada wa kumbukumbu na wa moyo.

Lakini hata kundi lililoingia lenyewe huhama likivamiwa na siafu au maji yakiwa mbali. Ndiyo maana Deci na Ryan waliweka mahitaji matatu: kuliona jambo ni lako, kuona unaliweza, na kuona kuna wanaokujali. Fomu ya kuchagua, ikitolewa kwa uso wa kazi bila maelezo, inagusa la kwanza kwa shida na mengine mawili inayaacha.

Ushahidi nao tuupime kwa uangalifu. Mwaka 1998 Geoffrey Williams na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wanaomeza dawa za muda mrefu kwa sababu zao wenyewe huzimeza kwa uaminifu zaidi. Huo ni uhusiano tu. Haujathibitisha kipi kimezaa kipi. Hata kwa wagonjwa wa kifua kikuu wanaosimamiwa nyumbani, kulinganisha matokeo yao na ya wanaokwenda kituoni ni kugumu, kwa kuwa huenda wenye familia imara ndio wanaochagua nyumbani.

Utafiti ninaouona wa ajabu kuliko yote ni wa Richard Schulz, wa mwaka 1976. Wazee waishio katika makazi ya wazee nchini Marekani waligawanywa makundi, na wengi wao wakatembelewa na wanafunzi. Baadhi walijipangia siku na muda wa kutembelewa. Wengine hawakupanga, ila waliambiwa mapema lini mgeni atakuja. Wengine walishtukizwa, na wengine hawakutembelewa kabisa. Waliojipangia walinufaika, na walioambiwa tu mapema walinufaika karibu sawa nao! Kumbe taarifa peke yake ina nguvu. Muuguzi anayemwambia mgonjwa, "Dawa hii ya rifampisini itageuza mkojo wako rangi ya chungwa, usishtuke," amempa kitu kikubwa kabla hata ya kumpa uchaguzi.

Ziara zilikoma utafiti ulipokwisha. Wazee walipofuatiliwa baadaye, makundi mawili yaliyonufaika yalikuwa yameporomoka, wakati mengine hayakuporomoka hivyo. Walikuwa wachache, kwa hiyo tusipimie dunia nzima kwa kibaba chao, ila ni onyo zito kimaadili: kumpa mtu usemi kisha kumnyang'anya kunaweza kumuumiza.

Hatari hiyo ipo pia kwenye usimamizi wa dawa. Wako wagonjwa ambao hawataki nyumba nzima ijue wanaumwa nini, na kwao kumezea zahanati ndiko kunakowatunzia siri. Muuguzi anayeona nyumbani ni bora kwa kila mtu, akawabembeleza hadi wakataja jina la ndugu wasiyemtaka, ameufuta uchaguzi huku fomu ikisomeka kwamba ulifanyika.